Uso Uliochelewa Kufunguka

Miaka ile viwanda vya mji wetu vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine, au vinauzwa, au vinasubiri mnunuzi asiyekuja. Mjomba wangu alipunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, na kiinua mgongo chake akakinunulia kompyuta kuukuu kutoka Dar, zile zilizoanza kuingia kwa wingi baada ya milango ya biashara kufunguliwa. Akapanga chumba karibu na soko la Morogoro mjini, akaandika ukutani kwa rangi ya bluu kwamba hapa kuna intaneti. Mimi nilikuwa nimemaliza kozi ya uhazili, nakaa kwake Kilakala, sina kazi. Akaniweka pale.

King'ora cha kiwanda kilikuwa kimeshanyamaza, lakini mjomba aliendelea kuamka saa ya king'ora. Alikuwa akifika kafe kabla yangu, anakaa mbele ya mashine zilizozimwa, mikono magotini, kama mtu anayemsubiri msimamizi wa zamu. Nilizoea kumkuta hivyo. Mji ulikuwa na watu wengi wa namna hiyo, walioendelea kwenda mahali ambapo hapakuwapo tena.

Kutengeneza kurasa za tovuti nilijifunza kwenye kitabu kilichoachwa kafe na mgeni mmoja aliyekuwa akifundisha kwa kujitolea. Nilikaa nacho wakati wateja hawapo. Kilinifundisha kwamba ukurasa unaouona kwenye kioo ni maandishi tu, yenye alama za kuiambia mashine hapa anza kichwa cha habari, hapa maliza, hapa weka picha. Picha yenyewe haimo ndani ya ukurasa. Inaitwa kutoka ilikohifadhiwa, nayo husafiri peke yake kwenye waya wa simu mpaka imfikie anayeitazama. Hilo nililisoma nikalielewa kama anavyolielewa mtu ambaye halijamgusa.

Mteja wangu wa kwanza wa tovuti alikuwa mwanamume mmoja wa Matombo, kule milimani. Yeye na mkewe walikuwa na nyumba ya kupokea wageni, vyumba vichache vya matofali ya kuchoma, katikati ya migomba na miti ya mdalasini. Shamba na nyumba vilikuwa vya ukoo wa mke, kama ilivyo desturi ya Waluguru, na mume alikuwa amehamia kwao. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni: kuwapandisha kwenye maporomoko ya maji, kuwaonyesha pilipili manga inavyopanda juu ya mti, kuwabandulia gamba la mdalasini wanuse. Wageni waliofika walimpenda. Tatizo ni kwamba walikuwa wachache, tena wengi walifika kwa kubahatisha. Alikuwa amesikia kwamba siku hizi mtu akiwa Ulaya anaweza kuiona nyumba yako kabla hajapanda ndege.

Alileta picha moja, aliyotumiwa na mgeni wa zamani. Yeye mwenyewe amesimama, kofia kichwani, gamba la mdalasini mkononi, anacheka, na nyuma yake mto. Ilikuwa picha nzuri sana. Niliiskani kwa kiwango cha juu kabisa ambacho mashine yetu iliweza, nikaiweka juu ya ukurasa, kubwa, imejaa kioo kizima. Chini yake nikaweka nyingine nne za milima. Mjomba akataka na bendera inayopepea, na wimbo unaoanza wenyewe ukurasa ukifunguka, na kibao cha kuhesabu watu waliofungua. Nikaviweka vyote. Maelezo ya nyumba, njia ya kufika na anwani ya barua pepe, yaani ya kafe yetu, vilikuwa chini kabisa.

Mwenye picha alipokuja kuutazama alivua kofia. Akaniuliza kama na huko mbali anaonekana hivi hivi. Nikamwambia ndiyo.

Kwa miezi kadhaa alikuwa akishuka mjini na mizigo ya ndizi, anapita kafe kuuliza kama kuna aliyeandika. Kibao cha kuhesabu kilikuwa kinapanda na mjomba alikifurahia. Barua pepe hazikuja. Nilimwambia avute subira, kwamba wazungu wanapanga safari zao mapema. Yeye hakulalamika. Alikuwa akisimama nyuma ya kiti changu, ananiomba niufungue ukurasa, anajitazama kidogo, kisha anakwenda zake.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Mvua ilikatika mjini, lakini milima ilibaki imefunikwa wiki nzima, na laini ya simu ikawa inakwaruza kama mtu anayekohoa. Siku moja alitoka kuwasindikiza wageni hadi barabarani. Aliwavusha mto salama. Alipokuwa anarudi peke yake, maji yalishuka kutoka juu, yakamchukua. Walimpata mbali chini, palipo na mchanga. Mjomba na mimi tulikwenda kuzika. Barabara ya Matombo ilikuwa matope matupu, tukaliacha gari njiani tukamalizia kwa miguu.

Baada ya msiba mjomba alinituma Dar kununua vifaa. Nilipomaliza nikaingia kwenye kafe moja kutazama barua zetu. Sijui kilichonifanya niufungue na ule ukurasa. Pengine nilitaka tu kuuona.

Kioo kilibaki cheupe. Nikasubiri. Ikatokea bendera ya mjomba, ikapepea peke yake kwenye weupe ule. Kisha pale juu ukaanza kuonekana utepe mwembamba wa kijani, majani ya ng'ambo ya mto. Ukaongezeka utepe mwingine. Ikaja kofia, nusu yake. Ikasimama. Nikadhani imekwama. Ikaja nusu ya pili, kisha paji la uso, na hapo ikasimama tena, kwa muda ambao kijana aliyekaa pembeni yangu alifungua barua zake, akazisoma, akaondoka.

Nilikuwa sijawahi kuuona ukurasa wangu ukifunguka hivi. Kule kafe kwetu ulikuwa unatokea mara moja, mzima. Nikakumbuka sehemu ya kitabu niliyoipita haraka: kompyuta ikishaufungua ukurasa hujiwekea nakala, na ukiuita tena inakupa nakala ile ile, haiendi tena kuuchukua mbali. Miezi yote ile tulikuwa tunatazama nakala iliyolala ndani ya mashine zetu wenyewe. Kibao cha kuhesabu kilikuwa kinatuhesabu sisi, pamoja na watu waliofika, wakasubiri, wakachoka.

Macho yake yalifika. Yalikuja bila mdomo, yakanitazama, na kwa kuwa kicheko kilikuwa bado hakijashuka, macho yale peke yake hayakuwa ya mtu anayecheka. Nilishindwa kuendelea kuyatazama, nikashindwa na kuondoka. Nilikaa mpaka kidevu kikafika, na mkono, na mdalasini, na mwisho kabisa, nyuma yake, maji.

Njiani kurudi Morogoro nilikuwa na swali moja. Ni wangapi waliofika kwenye paji lake la uso wakafunga?

Mjane alishuka mjini baada ya misa ya arobaini. Alikuwa amenizidi umri, nilimwita dada, naye aliniita mdogo wangu. Nilimweleza kama nilivyoweza: kwamba picha ni nzito mno, kwamba mtu aliye mbali analipia kila dakika anayosubiri, na asipoona kitu cha kumshika mapema anakwenda kwingine, na biashara inakwenda naye. Nikamwambia naweza kuurekebisha kwa siku chache. Alinisikiliza vizuri. Kisha akaniomba nimwonyeshe jinsi wageni wanavyomwona.

Nikafuta nakala kwenye mashine moja, nikauita ukurasa upya. Akavuta kiti. Mkononi alikuwa na rozari na hakuwa akiisali, ameishika tu. Utepe wa kwanza ukaja, wa pili, kofia. Paji la uso lilipotokea akasogea mbele. Mimi niliangalia pembeni. Picha ilipokamilika alishusha pumzi na kuniuliza, "Ukiufunga, atarudi tena hivi hivi?"

Nikamwambia nikifuta nakala, atarudi.

"Basi usiuguse kwanza, mdogo wangu."

Akawa anakuja kila siku ya gulio. Mjomba aliagiza asitozwe. Nilikuwa nikifuta nakala asubuhi, na akifika ninamfungulia, naye anakaa huku mume wake akishuka taratibu kutoka juu ya kioo, majani, kofia, paji, macho. Siku laini ilipokuwa mbaya zaidi mumewe alichelewa zaidi, na niligundua kwamba siku hizo ndizo dada alizozipenda. Hakulia. Mara nyingine alitikisa kichwa picha ilipokwama, kama mke anayemsubiri mtu mlangoni avue viatu vyenye tope. Wateja wengine walianza kukiepuka kiti kile hata kikiwa wazi. Mimi nilijikuta nikigonga meza kidogo kabla ya kuifungua mashine ile asubuhi, kama unavyobisha hodi.

Wakati huo vyumba vya Matombo vilikuwa vitupu. Vumbi likakaa kwenye vitanda. Dada alikuwa anauza ndizi na mdalasini kwa walanguzi ili watoto wabaki shule, na mlanguzi akijua huna soko lingine bei anaipanga yeye. Nilijua dawa ilikuwa mikononi mwangu, kazi ya siku chache tu, lakini alikuwa ameniomba nisiuguse.

Aliyekuja kulikata jambo lile alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mrefu aliyeishi Mlali na kulima nyanya. Aliingia kafe mchana, akasimama katikati ya chumba. Nikampa shikamoo. Akaitika, akaniuliza kama mimi ndiye ninayemtoa ndugu yake kaburini.

Akaendelea kwa sauti ya chini, nusu Kiswahili nusu Kiluguru, na wateja wote wakaacha kubonyeza. Alisema habari zimefika Mlali kwamba marehemu anaonekana mjini. Alisema wao walimzika vizuri, wakamfanyia kila kilichopaswa. Sasa anasikia kwamba mtu yeyote, popote, hata asiyemjua, akimwita anakuja.

"Mtu anayeitwa kila siku atapumzika lini?" aliniuliza. "Mwanangu, wewe ungepumzika?"

Nilimpeleka ujumbe mjane. Alishuka siku iliyofuata, akakaa kwenye kiti chake, lakini hakuniomba nifungue. Alitazama kioo kilichozimwa. Mwishowe alisema kwamba wifi yake ana haki, ni damu yake. Akasema pia kwamba yeye mwenyewe amechoka kurudi juu kila wiki na kukuta nyumba tupu baada ya kumwona hapa. Akaniambia niutengeneze ukurasa upya na nimwondoe marehemu.

Nilifanya kazi ile kwa wiki nzima. Nilitupa wimbo, bendera na kibao cha mjomba, ambaye alinuna. Kilichokuwa chini nikakipandisha juu: nyumba iko wapi, ina vyumba vya namna gani, mgeni atakula nini, atatembea wapi, ataandika kwa nani. Maandishi ni mepesi, yanafika kabla ya kila kitu, na mtu akishapata cha kusoma anavumilia picha inayofuata. Picha nikaweka mbili mpya tu, njia ya migomba na veranda ya nyumba, nikazipunguza uzito mpaka zikawa nzito kidogo tu kuliko maandishi yenyewe, na kila moja nikaiandikia vipimo vyake ili ukurasa usirukeruke wakati inashuka. Nilifuta nakala na kuufungua kila asubuhi, saa ambazo laini ilikuwa mbaya, nikajilazimisha kusubiri kama mtu baki. Ulifunguka kabla sijaegemea kiti.

Ile picha yake nikaiondoa kabisa. Nikafuta nakala kwenye mashine zote.

Isipokuwa moja, iliyokuwa kwa fundi, ambayo sikuikumbuka.

Ilirudishwa siku ambayo wifi alikuja kuhakikisha. Nilimkalisha kwenye mashine yangu nikamwonyesha ukurasa mpya, njia ya migomba, veranda, hakuna mtu. Alikuwa ameanza kulegea, hata akakubali chai. Pale kwenye kona fundi akawa anaijaribu mashine aliyoileta. Alibonyeza anwani iliyokuwa juu ya orodha ya zile zilizofunguliwa zamani, na marehemu akatokea kioo kizima, mara moja, anacheka.

Wifi hakupiga kelele. Kikombe kilimtoka mkononi. Alinyanyuka, akakisogelea kioo, akasimama mbele yake, kisha akatoka nje bila kuaga. Nilimfuata hadi barabarani nikijaribu kumweleza habari za nakala, kwamba haikuwa kusudi, kwamba mashine hukumbuka vitu hata kama umeviondoa vilikotoka. Alisimama akanitazama.

"Kumbe mnajua kwamba hatoki," alisema.

Niliifuta nakala ile jioni hiyo hiyo, na mjomba akaja kusimama karibu yangu mpaka nikamaliza.

Baada ya hapo barua pepe zikaanza kuja. Ya kwanza ilikuwa ya mwalimu wa Uholanzi aliyetaka kujua kama wanapokea watoto. Kisha nyingine, na nyingine. Nilizichapa kwenye karatasi, nikampelekea dada kwa gari la mizigo lililokwenda Matombo, naye akanirudishia majibu kwa mdomo wa dereva. Vyumba vilifagiliwa. Kuwatembeza wageni alianza mwenyewe, kwa kuwa njia zile zilikuwa za kwao tangu utoto na yeye ndiye aliyemwonyesha mume wake.

Kiangazi kilipoingia wakaja wageni wawili, mume na mke wa makamo. Waliingia kafe kwa kuwa anwani yetu ndiyo waliyokuwa nayo. Mwanamume alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua mezani. Ilikuwa ukurasa wa zamani, wameuprinti ofisini kwao, mahali ambako intaneti haikuwa ya kukohoa kama yetu. Yeye alikuwa mmoja kati ya wachache waliosubiri, au ambao hawakuhitaji kusubiri. Uso wote ulikuwa pale, kwa rangi, na mto nyuma. Akaniuliza kwa upole wamkute wapi mtu huyu.

Nilijaribu kuwaeleza palepale, nikashindwa, nikasema nitapanda nao.

Matombo tuliwakuta dada na wifi yake, aliyekuwa amekuja kumtembelea kutoka Mlali, wakianika mdalasini uani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona wifi tangu siku ya kikombe. Nilimwamkia, akaitikia vizuri. Kabla sijapata la kusema, mgeni akainyoosha ile karatasi na kuuliza tena swali lake, na hapakuhitajika mkalimani. Dada alikaa chini kwenye mkeka. Mimi nikawaambia wageni kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi, kilichotokea mtoni. Mwanamke wa kizungu akaanza kulia, akiona haya kwa kulia kwake.

Wifi ndiye aliyeipokea karatasi. Aliitazama kwa karibu, kisha akaishika mbali kidogo kama wanavyofanya watu ambao macho yameanza kuzeeka. Akaniuliza kama mgeni ana haja ya kurudi nayo kwao. Nikatafsiri. Mgeni akasema hapana, wifi aichukue.

"Sikuwa na picha yake hata moja," alisema wifi, akinitazama mimi. "Ile mliyoiweka kwenye mashine alizikwa nayo, ndani ya jeneza."

Hili nilikuwa sijalijua. Aliikunja karatasi mara mbili, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaketi karibu na wageni na kuanza kuwahadithia habari za mdogo wake kwa Kiluguru, utoto wake, ukaidi wake, jinsi alivyokuwa hasikii akiitwa. Dada alitafsiri kidogo kwa Kiswahili, nami kidogo zaidi kwa Kiingereza, na mengi yalipotea kati yetu. Wageni walikuwa wanatikisa vichwa tu. Siku iliyofuata dada aliwapandisha kwenye maporomoko, na wifi akawafuata, ingawa alisema magoti yanamuuma.

Mimi kazi hii nimeendelea nayo. Nimetengeneza kurasa za maduka, za hoteli, za wauza mbegu. Wote wanataka picha kubwa juu, na wote naanza kwa kuwapeleka mahali penye mtandao mbaya tukae tusubiri pamoja. Huwa siwaelezi kwa nini mimi sitazami kioo wakati picha ya mtu inashuka.

Nyumba ya Matombo ilisimama imara. Na kwa miaka kadhaa, mara mojamoja, katikati ya barua za kuuliza bei na vitanda, ilikuwa ikija barua ya mtu anayemuuliza yeye. Ameona picha yake mahali fulani, ukurasa wa rafiki, mashine ya kazini, hajui vizuri, anacheka na ana gamba la mti mkononi. Je, bado anatembeza wageni? Nilimuuliza dada niwajibu nini. Alifikiri, akaniambia nisiwaandikie habari za mto.

"Waambie waje," alisema. "Wakifika nitawaambia mwenyewe."